Barua ya wazi kwenu wakubwa: presha ya mjamzito haisubiri asubuhi

Waheshimiwa, habari za majukumu.

Naandika kwenu nyote mnaoshika kalamu, mnaopitisha bajeti za afya, mnaosaini oda za dawa, mnaoamua hospitali ipi ipate ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, na ipi ibaki na leba yenye mashine moja ya presha inayozungushwa wodi nzima kama bakuli la mchango. Mimi ni nesi wa ICU. Wapi, sisemi, maana sijaja kumchoma mtu na nikitaja sehemu moja tu wengine wote mtasema ah hilo ni la kwao.

Nianze na kikao. Kila mwezi tunakaa kikao cha vifo, na akiwepo mama aliyekufa kwa kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito, swali linakuja lile lile, ICU mlifanya nini, mbona wanafia kwenu. Faili linafunguliwa kuanzia siku aliyofika kwetu, tunasoma alifika hajitambui, mashine ya kupumulia ikawashwa saa ngapi, presha ikashuka lini, mkojo ulikuwa mililita ngapi, basi kikao kimeisha na kwenye ripoti kifo kinaandikwa cha ICU. Siku moja nikaomba turudi kurasa za nyuma. Kadi ya kliniki ilikuwa imebanwa humo humo na pini, na karatasi ya rufaa pia, na kwenye ile karatasi kulikuwa na presha imeandikwa kwa peni, 164/98, saa nne usiku, na mbele yake maneno machache tu, "apumzike, ipimwe tena asubuhi". Alfajiri alianza degedege. Yule mama alikufa kwetu siku ya tatu lakini mimi nawaambia alianza kufa saa nne ile usiku mtu alipofunga lile daftari.

Sasa kabla hamjamlaani huyo aliyeandika, hebu tuiangalie hiyo namba. 164 juu, 98 chini. Wengi tulifundishwa kuogopa namba ya chini, ikifika 110 ndio unakimbia, kwa hiyo akaona 98 akapumua. Mwaka 2005 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wanawake 28 waliopata kiharusi kwa sababu ya presha hii ya mimba. Kati yao 24 presha ilikuwa imepimwa muda mfupi kabla ya kiharusi, na 23 kati ya hao 24 namba ya juu ilikuwa imepita 160, huku namba ya chini kufika 110 ilikuwa kwa watatu tu. Watatu! Kwa hiyo anayesubiri 110 ya chini anasubiri kitu ambacho wengi wao hawakifikii, ubongo unavuja damu kwanza. Tangu nisome hilo siwezi kuona 160 ya juu kwa mjamzito nikakaa.

Na utaratibu wenyewe sio siri, uko kwenye miongozo miaka mingi. Ukikuta 160 juu au 110 chini, unarudia kupima ndani ya dakika 15, ikibaki pale pale hiyo ni dharura na dawa ya kushusha iingie ndani ya dakika 30 hadi 60. Sio wodi ipi, sio daktari gani yuko zamu, hapo hapo alipo. Na usiishushe kwa pupa kama unafungua bomba, maana mtoto anapata damu kupitia kondo na ukiiangusha ghafla anakosa hewa, unailenga pale 140 mpaka 150 juu, 90 mpaka 100 chini, unatulia.

Mtasema dawa za sindano ni ghali, zinataka monita, zinataka friji, zinataka mtaalamu. Sawa. Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti uliofanywa Nagpur, India, kwenye hospitali mbili za umma, wanawake karibu 900 wenye presha kali, wakapewa vidonge vya kumeza tu, kundi moja nifedipini, kundi jingine labetaloli, kundi la tatu methildopa ile ile ya zamani tunayoidharau. Ndani ya masaa sita presha ilikaa sawa bila madhara makubwa kwa asilimia 84 ya waliopewa nifedipini, 77 ya labetaloli na 76 ya methildopa. Vidonge jamani, na maji ya kunywa. Kwa hiyo kituo kisicho na kitu kabisa cha kumpa huyu mama siwezi kukiita kituo maskini, hicho ni kituo ambacho kuna mtu hakukiwekea oda.

Nieleze kidogo ugonjwa wenyewe maana kuna wanaosoma hapa wanadhani ni presha kama ya babu. Sio. Huu unaanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa inayolisha kondo haikutanuka vizuri, kondo linakosa damu ya kutosha linaanza kumwaga kwenye mwili wa mama vitu vinavyokera mishipa yote, na mishipa ipo kila mahali, kwenye figo, ini, macho, ubongo, mapafu. Ndio maana unapimwa mkojo kuangalia protini, ndio maana nesi anauliza kuhusu kichwa kuuma na macho kuona nyota nyota na maumivu chini ya mbavu za kulia. Unatokea baada ya wiki 20, unawapata kati ya 2 na 8 katika kila wajawazito 100. Na dawa ya kuumaliza ni kuzaa, kondo litoke, ingawa hauishi papo hapo, zingine zote ni za kununua muda. Basi.

Nataka nikae kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, kwa sababu hapa ndipo roho inaniuma.

Magnesiamu salfeti ni chumvi. Haina hakimiliki ya kampuni, haina jina kubwa, bei yake ni ya chini kuliko vitu vingi mnavyonunua. Zamani watu walibishana, wengine wanatumia diazepamu, wengine fenitoini, kila profesa na lake, mpaka mwaka 1995 ulipotoka utafiti wa wanawake zaidi ya 1,600 wenye kifafa cha mimba, kutoka nchi nyingi ambazo sio za kitajiri, ukaonyesha waliopewa magnesiamu walipungukiwa na hatari ya degedege kurudi kwa asilimia 52 ukilinganisha na diazepamu na asilimia 67 ukilinganisha na fenitoini. Ubishi ukaisha. Mwaka 2002 ukaja mwingine, ule wa Magpie, zaidi ya wanawake 10,000 kutoka nchi 33, hawa walikuwa hawajapata degedege bado, wana presha na protini tu, na magnesiamu ikapunguza hatari ya kupata degedege kwa asilimia 58. Hii sio habari ya jana. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1995 ameshakuwa mtu mzima, pengine naye ni mjamzito sasa hivi, na bado napokea mama amepigwa diazepamu njiani mpaka hapumui vizuri, nauliza magnesiamu je, naambiwa ilikuwa imeisha.

Au naambiwa ipo ila waliogopa. Hili nalielewa zaidi kuliko la kwanza, nisiwafiche. Magnesiamu ikizidi inalegeza misuli, kwanza goti halirushi mguu ukiligonga, halafu pumzi zinapungua, mwisho moyo. Mtu aliyeko peke yake usiku na wagonjwa ishirini lazima aogope. Lakini cha kuangalia ni vitu vitatu tu na vyote havitaki umeme: gonga goti, hesabu pumzi zisishuke chini ya 16 kwa dakika, pima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Pembeni weka kalsiamu glukoneti, gramu moja ya kuingiza pole pole kwenye mshipa mambo yakiharibika. Na dozi ya kwanza ile ya njia ya Pritchard, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye makalio, 5 huku 5 huku, haitaki pampu yoyote. Kama hata mshipa huwezi kupata, zile gramu 10 za makalio peke yake zinaweza kutangulia. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kituo kisichoweza kutoa dozi zote kitoe hii ya kuanzia halafu kimsafirishe mama haraka. Kimpe KWANZA, halafu gari. Sisi huku tunapokea kinyume chake, gari limewahi, dawa haijawahi, na degedege la tatu linapigwa ndani ya ambulensi yenye dereva na ndugu mmoja analia.

Kuna jambo jingine dogo mno hata naona aibu kuliandikia barua. Mkanda wa presha. Mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mwembamba presha inasoma juu kuliko ilivyo, na mwenye mkono mwembamba akifungwa mkanda mpana inasoma chini. Halafu zile mashine za kubonyeza, nyingi hazikuwahi kujaribiwa kwa wajawazito wenye ugonjwa huu na zinajulikana kusoma chini kuliko ukweli, unaambiwa 148 kumbe 160 na kitu. Zipo zilizojaribiwa kwa wajawazito, zipo hata zinazowasha taa ya kijani, njano au nyekundu ili anayepima asibaki anajiuliza. Mnaponunua mashine, mtu mmoja kwenye kamati yenu aulize swali hilo moja, hii imethibitishwa kwa mimba? Kama muuzaji anababaika mrudishieni mzigo wake.

Sasa tuje ICU, maana najua ndiko mnakotaka tufike, mnapenda kuzindua ICU, zina utepe mzuri wa kukata.

Mama wa presha kali anayeletwa kwetu analetwa na mojawapo ya haya: ubongo umevimba au umevuja damu, mapafu yamejaa maji, figo zimegoma, ini limeumia na damu haigandi, au ametapika wakati wa degedege yakaingia kwenye mapafu. Ule mchanganyiko wa chembe nyekundu kupasuka, ini kuumia na chembe sahani, zile za kugandisha damu, kushuka una jina lake, HELLP, alilipa daktari Louis Weinstein mwaka 1982, na ukikutana nao usiku benki ya damu haina chembe sahani utajua kwa nini watu wanaacha kazi hii.

Lakini sikilizeni. Wagonjwa hawa wengi wao ni vijana, mioyo yao mizima, mapafu yao mazima, wiki iliyopita walikuwa wanatembea. Kondo likishatoka mwili unaanza kujirudi wenyewe, kwa wengi chembe sahani zinaanza kupanda ndani ya siku mbili tatu, mkojo unafunguka mwingi mpaka unafurahi kubadilisha mfuko, na mtu aliyekuwa kwenye mashine jumapili anauliza mtoto wake yuko wapi jumatano. Kwenye ICU nzima sioni mgonjwa anayepona na kuachia kitanda haraka kama huyu, kwa hiyo mtu akiniambia kitanda apewe mwingine kwa sababu "hawa wa kifafa cha mimba huwa hawaponi", namjibu wanaotushinda ni wale walioletwa damu imeshajaa kichwani, wale wa masaa kumi na mbili ya kuhangaika njiani, wale viungo vitatu vimezima kwa pamoja. Matokeo ya ICU yanaandikwa kabla ya mlango wa ICU. Ukitaka namba yangu iwe nzuri nenda kamnunulie mkunga wa kule mwanzo nifedipini.

Na maji! Nisisahau maji. Mama ana presha, mkojo umepungua, mtu anaona mkojo kidogo anafungua dripu, chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa nia njema kabisa. Ila mishipa ya mgonjwa huyu inavuja, yale maji hayaendi kwenye figo, yanaenda kukaa kwenye mapafu. Miongozo ya Uingereza inasema maji yote kwa jumla yasizidi mililita 80 kwa saa kama hapotezi damu kwingine, yote hayo pamoja na yale yanayochanganywa na dawa. Mimi nimempokea mtu ana lita tatu na nusu ndani ya nusu siku, povu la pinki linatoka mdomoni, na aliyemuwekea alikuwa anajivuna kwamba amemhudumia. Ilibidi nitoke nje kidogo nikapunge upepo. Katika mafunzo yote mnayolipia posho, somo la maji kwa mama wa presha lingetosha nusu saa tu na lingetupunguzia mashine za kupumulia.

Kumtia mpira wa kupumulia nako ni mtihani, koo limevimba, njia ni nyembamba, na ile purukushani ya kuingiza mpira peke yake inaweza kurusha presha juu ghafla ikapasua mshipa wa ubongo, kwa hiyo anatakiwa daktari wa usingizi mzoefu na dawa ya kuzuia hiyo presha iwe tayari kwenye bomba la sindano. Mkituletea mashine kumi bila huyo mtu mmoja mmetuletea fenicha.

Halafu kuna ule ugomvi wa kimya kimya kati ya leba na ICU. Leba wanasema huyu ni mgonjwa mahututi mchukueni, ICU tunasema huyu ni mzazi bakini naye, kitanda hakuna, na mama yuko koridoni kwenye kitanda cha magurudumu. Sio lazima kila mahali pawe na ICU kamili. Vitanda viwili pale pale leba vyenye monita, oksijeni, nesi mmoja wa wagonjwa wawili badala ya ishirini, karatasi ya kuandika presha na pumzi na mkojo kila saa, vinaokoa wengi wasifike kwetu. Na kipimo cha kuamua nani aondoke mapema kipo pia, tangu 2011 kuna hesabu inayoitwa fullPIERS inachukua vitu sita, umri wa mimba, kama kifua kinauma au anahema, oksijeni kwenye kidole, chembe sahani, kreatinini ya kuonyesha hali ya figo, na kimeng'enya cha ini, inakuambia hatari ya masaa 48 yanayokuja. Maabara ya kawaida inatosha. Sijui kwa nini mnapenda tungoje mpaka mtu azime ndio tumuite mahututi.

Kinga nitaisema kwa kifupi kwa sababu mmeshaisikia mara nyingi. Aspirini dozi ndogo kwa wenye hatari kubwa, ianze mapema. Utafiti wa ASPRE wa 2017 ulitumia miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36, na ugonjwa ule unaolazimisha kuzaa kabla ya wiki 37 ukapungua kwa asilimia 62. Kalsiamu kwa wale ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo. Hivi vyote haviwezekani kama mama anaanza kliniki mimba ina miezi sita.

Kitu ambacho hakisemwi kabisa ni baada ya kuzaa. Watu wanadhani mtoto akilia basi presha imekwisha. Degedege linaweza kuja hata baada ya kujifungua, wengi ndani ya siku mbili za kwanza ila kuna wanaolipata wiki zimepita, na presha mara nyingi inapanda tena siku ya tatu mpaka ya sita, siku ambayo sisi tumeshamruhusu arudi nyumbani kwa sababu kitanda kinatakiwa. Ameenda nyumbani, kichwa kinamuuma, anaambiwa ni uchovu wa kunyonyesha. Huyu alitakiwa apimwe siku ya tatu, apimwe tena kabla ya siku ya kumi, apewe vidonge vya kwenda navyo. Na miaka ijayo hatari yake ya presha ya kudumu na ugonjwa wa moyo ni kubwa kuliko ya wenzake, lakini kwenye karatasi ya kuruhusiwa tunaandika "hali nzuri" tunagonga muhuri. Mimi mwenyewe nimegonga hiyo mihuri, siwezi kujitoa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria mama 46,000 hivi kwa mwaka wanakufa kwa magonjwa haya ya presha ya mimba, ukiongeza vichanga na waliofia tumboni ni kama 500,000 wengine. Ni sababu ya pili ya vifo vya uzazi, nyuma ya kutokwa damu. Uingereza walianza mwaka 1952 kuchunguza kila kifo cha mzazi kwa siri bila kutaja majina, faili zima, mwanzo hadi mwisho, bila kutafuta wa kufukuza, wakawa wanachapisha wanachokikuta na kurekebisha, na siku hizi kifo cha ugonjwa huu kwao ni nadra mno. Hawakuanza na mashine. Walianza na kusoma mafaili.

Kwa hiyo ombi langu mimi ni dogo na halina utepe wa kukata. Magnesiamu na kalsiamu glukoneti na nifedipini viwe ndani ya sanduku moja, kwenye kila chumba ambacho mjamzito anapimwa presha, na sanduku hilo mkunga alifungue mwenyewe bila kumpigia mtu simu. Likipungua, anayehesabu awe na jina lake kwenye karatasi ukutani. Mtu yeyote anayesafirishwa aje na muda umeandikwa, presha ilionekana saa ngapi, dawa iliingia saa ngapi, na hiyo tofauti ya masaa ndio isomwe kwenye vikao vyenu, kabla ya idadi ya vitanda.

Na kikao kijacho faili lifunguliwe kuanzia kadi ya kliniki. Yule aliyeandika 164/98 saa nne usiku aitwe naye akae mezani, asihukumiwe, aulizwe tu usiku ule alikuwa na nini mkononi. Mimi nilimtafuta nikamuuliza. Aliniambia dawa ilikuwepo, ilikuwa kwenye kabati, kabati lilikuwa limefungwa, na mwenye funguo alikuwa ameondoka nazo saa kumi jioni.

Ni mimi,
nesi wa zamu ya usiku, ICU.